Konokono Niliyempa Mama Aikande

Nianze na aibu yangu mimi mwenyewe, maana mkiisikia kwa wengine wataitia chumvi. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya kutunza bahari, nilimchukua mdudu anayeweza kumuua mtu mzima, nikamfunga vizuri kwenye kitambaa kilicholowa, nikampelekea jirani yangu kama zawadi. Nilimkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Nikamwambia, "Pokea, mae, mama yangu, ni kitu kizuri." Kisha nikapanda baiskeli nikaenda kazini huku napiga mluzi.

Ndiyo, nimesema kutunza bahari, na ni hapa hapa Moshi. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Nilikuwa mtunza maabara katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikajiona msomi, nikaacha kahawa ya baba kule Kilema nikashuka kukaa Soweto, mtaa wa hapa hapa Moshi. Safari yangu ndefu ikaishia hapo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Basi likivuka Himo naanza kuumwa kichwa. Mpaka leo ninapowaandikia, bahari yenyewe sijaiona kwa macho, ila nimeitunza miaka kumi na miwili ndani ya sanduku la kioo, na nimeumwa na wakazi wake wa kila aina.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Ilikuwa miaka ya sabini, petroli ya kupata kwa kibali, na lori la shule limesimama juu ya mawe. Mwalimu Mlay, wa baiolojia, alitaka wanafunzi wake waone viumbe vya bahari kabla ya mtihani, na safari ya pwani haikuwezekana. Akasema, "Kama hatuwezi kwenda baharini, bahari itapanda treni ije." Tulidhani anatania. Fundi wa shule akatengeneza tangi kwa vioo vya madirisha na fremu ya mbao, akaziba kwa lami. Maji ya chumvi, mchanga na mawe ya matumbawe vikawa vinakuja kwa treni kutoka Tanga, maji kwenye madebe, mawe yamefungwa kwenye magunia yaliyolowa.

Aliyevileta ni Bwana Rajabu, gadi wa treni, mtu mfupi mwenye kofia ya kazi na filimbi shingoni. Amezaliwa ufukweni. Nataka mmkumbuke huyu, maana bila filimbi yake hadithi hii ingekuwa ya msiba.

Mawe ya kwanza aliponikabidhi, nilifanya ambacho angefanya mtu yeyote wa mlimani akiletewa kitu chenye matope na harufu. Niliyaosha. Nyuma ya shule ulipita mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia migomba, maji baridi yanatoka juu huko msituni. Nikachukua brashi na sabuni ya kipande, nikayasugua mawe mpaka yakawa meupe kama vikombe vya harusi. Bwana Rajabu alipokuja na madebe mengine akayatazama, akayanusa, akakaa chini.

"Eliakimu," akasema, "umeosha nini hapa?"

"Uchafu, Bwana Rajabu."

"Huo uchafu ndio niliokuletea! Jiwe lenyewe la nini? Mawe mlimani kwenu yamekwisha?"

Ndipo nikajifunza somo la kwanza. Jiwe la matumbawe ni nyumba ya kupanga. Kila tundu lina mpangaji, na anasafiri na nyumba yake bila kumwambia mtu. Unadhani umeleta jiwe moja, kumbe umeleta kijiji kizima, na hakuna aliyekupa orodha ya majina. Kazi yangu ikawa kutengeneza orodha hiyo. Nani huyu? Anakula nini? Wa kukaa au wa kufukuzwa?

Mawe ya pili sikuyasugua. Niliyatazama tu, na siku tatu sikuona kitu. Bwana Rajabu akanicheka tena. "Wapangaji hawa hutoka gizani. Wewe unawakodolea macho mchana, na taa juu!" Mimi kukesha shuleni siwezi, saa moja jioni niko kwangu na uji wangu. Basi tukatengeneza giza. Mama Aikande, jirani yangu wa Soweto, mjane kutoka Kirua aliyenizidi miaka kama kumi, aliniazima blanketi lake zito. Saa sita mchana nalitupa juu ya tangi, naingiza kichwa ndani kama mpiga picha wa zamani, nasubiri macho yazoee, halafu nawasha tochi niliyoifunga karatasi nyekundu ya pipi. Wadudu wengi taa nyekundu haiwashtui. Jaribuni mtaona.

Walioshtuka ni wengine. Siku ya kwanza nilipowasha tochi, nilipiga kelele mpaka darasa la jirani likasimama. Jiwe lote lilikuwa linatembea! Minyoo yenye manyoya pembeni, ya rangi ya waridi, inatoka tundu hili inaingia lile. Vidude vyenye mikono mitano myembamba kama mikia ya panya. Kaa mweusi asiyezidi punje ya kunde, amekaa mlangoni kwake amekunja ngumi. Nilitoa kichwa nikakuta Mwalimu Mlay na wanafunzi arobaini wamenizunguka.

"Umeona nini?" akauliza.

"Mwalimu," nikasema, "tunaishi na watu."

Niwape na ujuzi kidogo, msije mkasema mzee alipiga soga tu. Chumvi ya maji tuliipima kwa kile kipimo cha kioo cha kukamata wanaochanganya maziwa na maji. Kinaelea hivyo hivyo, na maji ya bahari yanasoma karibu sawa na maziwa yaliyotiwa maji kidogo. Kwa hiyo tangi letu lingepelekwa kwenye chama cha maziwa, lingekataliwa. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji baridi ya kawaida, siyo ya chumvi, maana chumvi haikauki, inabaki. Umeme ukikatika, tulipuliza hewa kwa pampu ya baiskeli, wanafunzi kwa zamu. Mnyoo wa manyoya usimshike kwa mkono. Nilimshika. Manyoya yale huingia kidoleni kama upupu, na dawa yake ni kubandika plasta juu na kuibandua kwa nguvu. Na lile ua dogo la kahawia linalofunguka na kujifunga siyo ua, ni mnyama, na anachoma. Mimi niliona yanazidi, nikachukua wembe nikayapogoa kama mtu anavyopogoa mkahawa. Kila kipande nilichokikata kikaota kikawa mnyama mzima. Wiki mbili baadaye nilikuwa na shamba.

Sasa nirudi kwenye samaki.

Bwana Rajabu alituletea samaki wadogo sita, wa manjano wenye mistari. Mkuu wa shule alikuja kuwaona, akatikisa kichwa. Kwetu wazee samaki walimwona kama nyoka wa majini tu, na Mkuu alikuwa mtu wa wazee hasa. "Hawa nyoka wako," akaniambia, "wakifa, tangi hili nalitia udongo na kupanda vitunguu." Hakuwa anatania, vitunguu vilikuwa na bei.

Wiki ya pili walikuwa watano. Ya tatu, wanne. Hakuna maiti, hakuna mifupa, samaki ameondoka tu kama aliyehamishwa kikazi. Nikaingia kwenye blanketi kutafuta mwizi, na hapa ndipo mnisikilize vizuri, maana ndilo kosa lililozaa kosa kubwa. Nilitafuta mwizi kwa sura. Nani mbaya kuliko wote? Mnyoo wa manyoya. Nikawatoa kwa koleo, mmoja mmoja, nikawamwaga kwenye mfongo. Nani anafuatia? Wale wenye mikia ya panya. Nikawatoa. Kaa mwenye ngumi, naye nje. Samaki wakawa watatu, na maji yakaanza kunuka, kwa sababu wale wabaya niliowafukuza ndio waliokuwa wanafagia mabaki ya chakula. Nilikuwa nimefukuza wafagiaji nikabaki na mwizi.

Na mwizi nilikuwa nampenda.

Alitokea siku moja kwenye kona ya mchanga, urefu wa kidole gumba. Konokono, lakini konokono gani! Gamba lake limekunjwa kama ile karatasi wanayofungia karanga, pana upande mmoja, jembamba upande wa pili, limechorwa kahawia na nyeupe kama wavu uliofumwa na mtu mwenye subira. Nilimchora kwenye daftari langu ukurasa mzima. Chini yake niliandika, na daftari ninalo mpaka leo: "Mpole. Mzuri. Wa kukaa." Nilikuwa natupa vipande vya nyama karibu yake, na kwa sababu hakuvigusa, nikamwona ana adabu.

Ijumaa moja nikaona hajasogea siku mbili. Nikasema amekufa, maskini. Nikafikiri kuhusu blanketi la Mama Aikande. Alikuwa ameniazima mwezi mzima, na kila akiniona ananiita kwa jina la mwanangu, ananiuliza, "Baba Neema, nyoka wako bado wanaona baridi?" Nikaona nimshukuru kwa gamba lile. Nikalitoa kwa vidole vyangu hivi, nikalitia mfuko wa shati, upande wa moyo, nikaendesha baiskeli nalo mpaka Soweto. Nikalifunga kwenye kitambaa kilicholowa ili rangi isififie, nikaliacha dirishani. Jumamosi asubuhi Mama Aikande alipokuwa anatoka kwenda kuuza ndizi soko la Kiboriloni, nikampa. Aliligeuza, akalitazama, na mwanamke yule ambaye hakuwahi kunisifu kwa lolote akasema, "Aika, asante. Hiki nitawaonyesha wenzangu."

Saa nne Bwana Rajabu akafika shuleni na madebe ya maji. Akainamia tangi, akanusa, akaguna. Kisha akaona kitu kwenye kona ya mchanga. Akakitoa kwa kijiko akakiweka kiganjani. Kilikuwa kifungu kidogo cha mifupa membamba, na magamba mawili matatu ya manjano, na katikati kijiti kama mwiba wa kioo.

"Eliakimu, aliyetapika hiki yuko wapi?"

"Ametapika nani?"

"Samaki wako huyu hapa. Kaliwa mzima, kisha mifupa ikatemwa, na mwiba uliomchoma ukatemwa nayo. Mwenye kufanya hivi ni mmoja tu. Ulikuwa na konokono hapa? Wa umbo la karatasi ya karanga?"

Nikafungua daftari nikamwonyesha ukurasa wangu, kwa fahari kidogo, maana mchoro ulikuwa mzuri. Bwana Rajabu alisoma "Mpole. Mzuri. Wa kukaa." Akavua kofia. Sikuwahi kumwona akivua kofia akiwa kazini.

"Lahaula. Sisi kwetu mtoto hufundishwa huyu kabla ya kufundishwa kusoma. Haokotwi. Ana mshale, bwana wewe! Hutoa mrija, akachoma, samaki akakauka pale pale. Na mtu akichomwa, pumzi humwishia. Dawa hakuna. Yuko wapi?"

Nilishika mfuko wangu wa shati, upande wa moyo. Alidhani yumo humo, akaruka nyuma.

"Nimempa Mama Aikande," nikasema. "Yuko naye sokoni. Lakini Bwana Rajabu, amekufa! Hajasogea siku mbili!"

"Ameshiba! Wewe ukishiba hulali?"

Baiskeli yangu haikuwahi kwenda vile na haikwenda tena vile. Bwana Rajabu nyuma kwenye kiti cha mizigo, kofia mkononi, na mimi nina koleo refu la maabara mdomoni na chupa ya jemu yenye maji ya bahari kifuani. Ile barabara inapanda, ninyi mnaijua. Nilikuwa napiga pedali nikihesabu: alimpokea saa moja, sasa saa nne na nusu. Muda wa saa tatu na nusu yuko naye. Nikamwona Mama Aikande amelala juu ya ndizi zake na wanawake wanamfunika khanga. Nikaona wanawe wanashuka kutoka Kirua. Nikasikia mtu kanisani anatangaza, marehemu alipewa zawadi na jirani yake.

Tulimkuta ameketi mzima kabisa nyuma ya ndizi, anabishana na mteja. Machozi yalinitoka. Kisha nikaona. Kifuani kwake, kwenye pindo la khanga, palikuwa na fundo, lile fundo ambalo mama zetu huwekea pesa. Lilikuwa nene kuliko kawaida. Kitambaa changu kilikuwa kimetupwa kando kinakauka juani. Na mteja alikuwa anangoja chenji, na vidole viwili vya Mama Aikande vilikuwa vimeshaanza kuingia kwenye fundo.

Mnaelewa? Asubuhi yote ile, kila aliyenunua ndizi, vidole vile vilikuwa vinaingia na kutoka kwa yule mwenye mshale.

"Usitie mkono!" nikatoa koleo mdomoni nikapiga kelele, nikaangusha baiskeli na Bwana Rajabu wake, nikaruka juu ya ndizi, nikanyoosha koleo kuelekea kifuani kwa mjane.

Haya, jiwekeni pale mkiwa watu wa soko. Mwanamume anahema, macho yamemtoka, ana chuma mkononi, anarukia fundo la pesa la mwanamke aliyemzidi umri. Mngefanya nini? Ndicho walichofanya. "Mwizi!" akasema mmoja, na soko zima likaitikia. Mwanamke wa nyanya akanipiga na kapu. Mtu akanikamata shingo kwa nyuma, na nikaona fimbo zinainuka. Na Mama Aikande, kwa kulinda pesa yake, akalishika fundo lote kwa kiganja akalikaza kifuani!

Nikataka kumwambia aachie, mkono wa shingoni ukanikaba.

Ndipo filimbi ikalia. Ndefu, kali, ile ya kuondoa treni. Siwezi kuwaeleza kwa nini soko zima lilisimama, lakini lilisimama, fimbo zikiwa juu. Bwana Rajabu akapita katikati, vumbi mpaka kwenye nyusi, akavaa kofia yake akaiweka sawa.

"Shikamoo, mama," akasema taratibu, kama anamuuliza tiketi.

"Marahaba."

"Fundo hilo lina mdudu. Huyu si mwizi, ni mjinga tu. Ondoa kiganja, usiliminye. Shika pindo kwa juu, fungua, uachie vyote vimwagikie kwenye jani la mgomba hapo chini. Vidole visiingie ndani."

Mama Aikande alimtazama, akanitazama mimi na koleo langu. "Yule niliyepewa?" akauliza. Bwana Rajabu akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza tena. Akafungua kwa ncha za vidole, kisha akainama, sarafu zikamwagika, noti zikafuata, na mwisho konokono akaanguka tumbo juu kati ya shilingi.

Hakusogea. Yule aliyenishika shingo akasema, "Si gamba hili tu?" akanyoosha mguu aliguse kwa kidole cha ndala.

Na hapo, kutoka upande mwembamba, ukatoka mrija. Mwembamba, wa waridi, kama mnyoo unaonusa. Ukanyooka polepole, ukagusa sarafu moja, ukaiacha, ukagusa nyingine, ukageuka kufuata kile kidole cha mguu. Soko zima lilirudi nyuma kwa pamoja, ndizi zikakanyagwa. Mwanamke wa nyanya akalitaja jina la Yesu mara tatu. Mimi nikachutama, nikamkamata kwa koleo, nikamtia kwenye chupa ya jemu, nikafunga kifuniko, nikakaa chini. Nilibaki nimekaa pale vumbini na chupa mapajani.

Nilifanya kazi ile miaka mingine kumi na moja. Samaki watatu waliobaki waliishi, vitunguu havikupandwa, na wafagiaji wabaya wa sura nikawaagiza tena kwa treni, nikawapokea kama wakwe. Ule ukurasa sikuuchana. Chini ya "Wa kukaa" nimeongeza swali ambalo baadaye nilimwuliza kila mgeni aliyetoka kwenye jiwe kabla sijamtazama uzuri wake: unakula nini? Ninyi mnaoanza kazi, iwe ya wadudu au ya watu, ulizeni hilo mapema. Mimi mpaka leo mke wangu akitia vidole kwenye fundo la khanga, nageukia ukutani.

Lakini siku ile nilikuwa bado nimekaa vumbini. Nikaanza kumwomba radhi Mama Aikande. Niliomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kichagga, nikamweleza habari ya mrija na mshale, nikasema nilitaka tu kumshukuru, nikasema sijui nitamlipa nini. Alinisikiliza huku anaokota shilingi zake moja moja kwa kijiti, anaipindua kila moja kabla ya kuigusa. Alipomaliza, akafunga fundo lake upya, akalisukuma mahali pake, akanitazama.

"Baba Neema," akasema, "leo hii nirudishie blanketi langu. Na siku nyingine ukitaka kunishukuru, niletee ndizi. Ndizi naijua."